Watu wa shilingi 40: jimbo la Clare na kura iliyowaponza

Ennis ni mji mdogo wa kaunti ya Clare, Ireland, barabara zake nyembamba hadi magari mawili yakikutana lazima mmoja awe na adabu, na pale katikati zinapokutana pana nguzo ndefu ya mawe na juu yake kasimama bwana mmoja, wa mawe naye, juu mno hivi kwamba ukitaka kumuona uso lazima ushike kofia. Mie nilipita chini yake karibu mwaka mzima nikienda shifti ya usiku bila kujua ni nani hasa. Jina nililijua, Daniel O'Connell, manake hata barabara ni yake, na hapa Ireland karibu kila mji una barabara ya O'Connell vile kwetu Kenya kila mji una Kenyatta Avenue, na ukishazoea jina la barabara huulizi tena alikuwa nani.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee, mwalimu mstaafu, halali usiku. Saa tisa za usiku yeye macho, mie macho, basi tunakunywa chai. Usiku mmoja akaniuliza napitia wapi nikija kazini, nikamwambia pale kwa nguzo. Akasema, "Kabla ya nguzo pale palikuwa na mahakama. Babu yake babu yangu aliingia humo 1828 akataja jina la mtu kwa sauti, kabaila wake anamtazama. Mwaka uliofuata wakamfuta kwenye daftari la wapiga kura." Nikamuuliza, kwa kosa gani? "Kosa la kushinda," akasema, kisha akaomba biskuti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichimbua hili jimbo la Clare kama mtu aliyepoteza pete mchangani. (Kwetu husema eneo bunge lakini ni refu kuandika, nitasema jimbo, mnivumilie.) Jimbo lenyewe, lile la bunge la London, halipo tena, lilifutwa 1885 likakatwa mapande mawili, na hayo mapande nayo yakafutwa 1922. Lakini katika ile miaka yake 80 na kitu lilifanya mambo ambayo majimbo makubwa ya London hayakuyafanya.

Hebu tuanze mwanzo. Mpaka 1800 Ireland ilikuwa na bunge lake Dublin, viti 300. Ukisikia 300 utadhani ni watu wengi wanawakilishwa, kumbe viti 234 vilikuwa vya vimji 117, viwiliviwili, na vingi vya hivyo vimji vilikuwa mali ya mtu. Simaanishi mtu alikuwa na ushawishi, namaanisha mali, ya kurithi na kuuza. Kuna kimoja kinaitwa Bannow, kaunti ya Wexford, mji wenyewe ulikuwa umeshafunikwa na mchanga zamani, hakuna nyumba hakuna mtu, na bado ulikuwa unapeleka wabunge wawili Dublin! Ulipokuja Muungano na Uingereza, kuanzia tarehe 1 Januari 1801, viti vya Ireland vikawa 100 tu na vikahamia London. Vimji 84 vikapoteza wabunge, na wenye navyo wakalipwa fidia, pauni 15,000 kwa kila kimji. Mwenye Bannow alikuwa na vingine viwili jirani, basi akabeba 45,000. Yaani mtu kalipwa kwa kupokonywa wabunge wake kama vile serikali inavyokulipa ikipitisha barabara kwenye minazi yako. Hili la fidia likumbuke, nitalirudia.

Kaunti zote 32 zikabaki na wabunge wawili kila moja, Clare ikiwemo. Na kwenye kaunti ndo kulikuwa na wapiga kura wa kweli, wale waliojulikana kama watu wa shilingi 40.

Sasa shilingi 40 ni nini. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, kwa hivyo ni pauni mbili. (Shilingi 40 leo Mombasa ni andazi chache na shukrani.) Sheria ilisema ukiwa na ardhi ya kushikilia kwa maisha, na ukishatoa kodi ya kabaila bado ardhi inakubakishia thamani ya shilingi 40 kwa mwaka, basi wewe ni mpiga kura wa kaunti. Na huko Ireland "kushikilia kwa maisha" kulikuwa na maana pana. Makabaila walikuwa wanatoa mikataba ya roho, yaani mkataba unataja majina ya watu, mara nyingi watatu, na unadumu mpaka wa mwisho wao afe. Wengine walikuwa wanataja watoto wa mfalme, manake hao wanakula vizuri hawafi ovyo. Mkataba wa namna hiyo kisheria ukahesabika kuwa milki, basi mkulima wa viazi mwenye vipande viwili vya shamba na kibanda cha udongo akawa mpiga kura.

Usidhani makabaila walifanya hivyo kwa huruma. Kabaila mwenye wapiga kura 300 shambani kwake alikuwa mtu mkubwa, mawaziri wanamuandikia barua, wanawe wanapata vyeo jeshini. Wakatoliki walipopewa haki ya kupiga kura 1793 hesabu ikazidi kunoga, manake wakulima wengi wa Clare walikuwa Wakatoliki, na wengi wakizungumza Kiairishi. Mashamba yakakatwa vipande, vipande vikakatwa vipande, kila kipande kina mtu na kila mtu ana kura moja ambayo si yake. Siku ya uchaguzi wakala wa kabaila anawakusanya, anawapeleka mjini kwa kundi, wanasimama mbele ya karani mmoja mmoja, kila mtu anataja jina la mgombea kwa mdomo wake mwenyewe na linaandikwa.

Kwa mdomo! Babangu alinisimulia mlolongo wa 1988 Kenya, vile walivyopangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, na jinsi mtu alivyokuwa akigeuza shingo kuangalia nani anamuona. Alisema foleni ile ilikuwa haina kelele. Nilipokuwa nasoma habari za Clare nilikuwa nauona ule uso wake.

Na kabaila hakuhitaji hata fimbo. Ilikuwa kawaida mpangaji kuwa nyuma ya kodi kwa miezi 6, mwenye ardhi anajua na ananyamaza, ni kama deni la kudumu. Ukimkosea, anadai yote leo. Huna, unatoka, mkataba au si mkataba. Mie nimezaliwa Mombasa kwenye nyumba bila shamba, yaani nyumba yetu, ardhi ya mwenyewe, mwisho wa mwezi tunapeleka ijara, na najua vile mamangu alivyokuwa akipunguza sauti mtoto wa mwenye ardhi akipita mlangoni. Hamna aliyetutisha hata siku moja. Haikuhitajika.

Upande wa pili kulikuwa na kikwazo kingine. Mkatoliki aliweza kumchagua mbunge lakini hakuweza kuwa mbunge. Haikuandikwa popote kwamba Mkatoliki haruhusiwi kugombea. Kilichowekwa ni kiapo mlangoni mwa bunge, uape kwamba mfalme ndo mkuu wa kanisa na si Papa, na utamke kwamba misa na kumuomba Bikira Maria ni ushirikina na ibada ya sanamu. Wajanja hao. Mlango uko wazi, ila ili uingie lazima uitukane dini ya mamako.

O'Connell alikuwa wakili, Mkatoliki wa Kerry, mdomo wake unajulikana nchi nzima, mahakimu walikuwa wakimuogopa. Mwaka 1823 yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Wakatoliki, na mwaka uliofuata wakaja na wazo moja ambalo naliona la akili kuliko hotuba zake zote, mchango wa peni moja kwa mwezi, unakusanywa parokia kwa parokia. Peni moja hata masikini anayo, na ukishatoa peni yako kila mwezi chama si cha mawakili wa Dublin tena. Mwaka 1826 kule Waterford watu wa shilingi 40 wakamkataa mtu wa familia ya Beresford, familia iliyokuwa imezoea kile kiti kama kiti cha sebuleni, wakamchagua mwingine, Mprotestanti lakini wa upande wao. Makabaila wakashtuka kidogo, wakasema ni upepo.

Halafu ikaja Clare.

Mwaka 1828 waziri mkuu ni Duke of Wellington, yule jenerali aliyempiga Napoleon. Mawaziri kadhaa wakajiuzulu kwake, akamteua William Vesey Fitzgerald, mbunge wa Clare, kuwa waziri wa biashara. Sheria ya zamani ilisema mbunge akipewa uwaziri lazima arudi jimboni achaguliwe upya. Fitzgerald hakuwa na wasiwasi, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mprotestanti aliyeunga mkono haki za Wakatoliki, babake aliwahi kupoteza cheo kikubwa serikalini kwa kuukataa Muungano, na watoto wa makabaila wadogo wengi wa Clare walipata kazi kupitia kwake. Chama kikatafuta Mprotestanti rafiki wa kumpinga, wakamfuata Major Macnamara, akakataa. Ndo ikazaliwa ile fikra: kwani sheria inasema wapi Mkatoliki hagombei? Inasema hakai, haisemi hachaguliwi. Tarehe 24 Juni O'Connell akatangaza anagombea mwenyewe.

Kura zilianza siku chache baadaye, siku 5 mfululizo pale mahakamani, mwanzoni mwa Julai. Inakadiriwa watu 30,000 walimiminika Ennis, mji ambao hata leo siku ya sherehe hauna pa kuegesha gari. Wakalala barabarani na mashambani. Wanajeshi wakaletwa wakawekwa tayari kwa ghasia, na ghasia hazikutokea, manake mapadri walikuwa wamewaapisha watu wasiguse wiski mpaka uchaguzi uishe. Mwairishi, mji umejaa, siku 5, hakuna tone. Nilipomwambia mzee wangu kwamba hili ndo nimeshindwa kuliamini alicheka mpaka nikaogopa nesi ataamka.

Kuna watu wawili kwenye kampeni ile ambao laiti wangekuwepo leo wangekuwa na wafuasi milioni mitandaoni. Mmoja Tom Steele, Mprotestanti wa Clare, alitangaza kwamba kabaila yeyote atakayeona kaudhiwa kwa wapangaji wake kuombwa kura, yeye yuko tayari kukutana naye uwanjani kwa bastola. Wa pili anaitwa O'Gorman Mahon, kijana wa miaka 28, nywele, sauti, mavazi, kila kitu kingi, kajivika utepe mpana wa kijani na sherifu akajaribu kumvua akashindwa. Huyu mshike, atarudi.

Lakini kazi yenyewe haikufanyika Ennis, ilifanyika vijijini, Jumapili, baada ya misa. Padri Murphy wa Corofin aliongea na wapangaji wa Sir Edward O'Brien wa Dromoland, tajiri aliyempendekeza Fitzgerald, aliongea nao Kiairishi, lugha ambayo mwenye ardhi haitumii, na wakamuacha. Mtu ambaye familia yake ilitawala pale kwa karne nyingi aliona wapangaji wake wanampita wakiwa nyuma ya padri. Inasemekana alilia. Fitzgerald naye alilia jukwaani, alipomtaja babake mgonjwa, na umati ukaanza kumuonea huruma, wengine nao machozi, mpaka O'Connell akasimama akamshambulia kwa maneno makali hivi kwamba huruma yote ikayeyuka. Ukisoma leo unaona haya kidogo. Alimuonea yule bwana, naye alijua anamuonea. Lakini alikuwa na uchaguzi wa kushinda.

Fikiria sasa ile dakika moja. Chumba kimejaa, kuna joto la Julai na harufu ya watu waliolala nje na koti zao za sufi. Karani yuko na daftari. Wakala wa shamba lenu kasimama hatua tatu kutoka kwako, anakujua jina, anajua una ng'ombe mmoja, anajua uko nyuma miezi 6. Unaulizwa, unamchagua nani? Na unafungua mdomo.

Walifungua mdomo mara 2,057 wakamtaja O'Connell. Fitzgerald alitajwa mara 982.

London waliposikia wakaingia baridi. Wellington na waziri wake wa ndani, Robert Peel, walikuwa wapinzani wa haki za Wakatoliki kwa miaka mingi, ila walijua kuhesabu. Kama Clare imefanya hivi, uchaguzi mkuu ukija kaunti nyingi zitafanya hivyo, na serikali itakuwa na wabunge wengi waliochaguliwa kihalali ambao haiwaruhusu kukaa. Kuna na askari Wakatoliki jeshini, nao walikuwa na masikio. Basi wakaamua kula maneno yao. Mfalme George wa Nne akalia, akatishia, akakubali, akakataa, akakubali. Wellington akafika hadi ya kupigana kwa bastola na bwana mmoja wa tabaka lake aliyemtuhumu kuisaliti dini, waziri mkuu mzima, asubuhi, kwenye uwanja wa Battersea, hakuna aliyepigwa, wakarudi nyumbani. Tarehe 13 Aprili 1829 sheria ikapita. Mkatoliki anaweza kukaa bungeni na karibu kila cheo.

Hapo ndipo vitabu vingi vinapiga makofi na kufunga ukurasa.

Ila siku hiyohiyo ilipita sheria nyingine ndogo, pacha wake. Hiyo ilisema kwamba Ireland, kwenye kaunti, kiwango cha kupiga kura si shilingi 40 tena, ni pauni 10. Mara tano. Uingereza kwenyewe shilingi 40 ikabaki vilevile, ni Ireland tu. Wapiga kura wa kaunti za Ireland walikuwa kama 216,000, wakawa kama 37,000. Wale waliofungua mdomo Ennis, wengi wao hawakufungua tena. Shukrani ya punda ni mateke.

Na wao fidia yao iko wapi? Nilikuambia uikumbuke ile hesabu. Mwaka 1800 bwana mwenye mji wa mchanga alilipwa pauni 15,000 kwa kuwa wabunge wake walikuwa mali. Mwaka 1829 mtu mwenye kura ya kweli, aliyeitumia mara moja kwa hiari yake, hakulipwa hata peni. Yaani kura ikiwa bandia ni mali, ikiwa ya kweli ni hatari. Nilimsomea mzee hesabu hiyo, hakusema kitu, akageuza kikombe tu.

O'Connell alifanya nini? Hili linanikera, na najua kuna Mwairishi atakayenikasirikia. Mwaka 1825 alikuwa tayari kuwauza, kulikuwa na mswada wenye masharti hayohayo, akaukubali, ukafa bungeni kwa sababu nyingine. Baada ya Waterford na Clare akabadilika, akaapa hatawaacha. Ilipofika 1829 alilalamika, lakini hakuijaza nchi mikutano kwa ajili yao vile alivyoijaza kwa ajili ya kiti. Pengine alipima akaona mlango umefunguka nusu, ukiusukuma zaidi utafungwa. Viongozi hupima hivyo. Tatizo ni kwamba aliyepima hakuwa yeye wa kukatwa.

Na kisa chake cha kuingia bungeni nacho ni kichekesho. Tarehe 15 Mei 1829 akafika bungeni London, sheria mpya iko tayari, lakini walikuwa wameiandika kwa ujanja, inawahusu watakaochaguliwa baada yake, yeye kachaguliwa kabla. Wakampa kadi ya kile kiapo cha zamani. Akakataa, wakampa tena siku chache baadaye, akavaa miwani, akaisoma taratibu, akawajibu kwamba humo mna jambo moja analojua si kweli na jingine asiloamini kuwa kweli, hivyo haapi. Wakamrudisha Clare achaguliwe upya. Tarehe 30 Julai akapita bila mpinzani, na mwaka uliofuata akaenda kugombea Waterford. Clare ilikuwa jimbo lake kwa miaka miwili tu. (Alifariki Genoa tarehe 15 Mei 1847, tarehe ileile ya kadi.)

Walioachwa walibaki na mashamba yao madogo, na sasa yale mashamba hayakuwa na kazi kwa kabaila. Kabla, mpangaji masikini alikuwa na kitu kimoja cha thamani machoni pa bwana wake, kura. Akiondolewa hiyo, kabaila anaona nini? Anaona kibanda pahali ambapo angelisha ng'ombe. Sisemi kwamba sheria ya 1829 ndo ilileta njaa ya viazi, njaa ililetwa na ugonjwa wa viazi na serikali iliyoangalia pembeni, lakini njaa ilipokuja 1845 iliwakuta watu ambao kwa kabaila walikuwa hasara tupu. Upande wa Kilrush, magharibi ya Clare, kulikuwa na ubomoaji wa nyumba uliotajwa mpaka bungeni London, familia zinatolewa na paa linashushwa ili wasirudi usiku. Sensa ya 1841 iliwahesabu watu wa Clare 286,000 na ushei. Ya 1851 ikawakuta 212,000. Wengine makaburini, wengine melini.

Jimbo likaendelea. Julai 1852 pale Sixmilebridge wapangaji fulani walikuwa wanapelekwa kupiga kura upande wa bwana wao, wakisindikizwa na wanajeshi kama wafungwa, umati ukawavamia kwa mawe, wanajeshi wakafyatua risasi, watu wakafa barabarani. Kura bado ilikuwa ya kutaja kwa mdomo. Kura ya siri ilikuja 1872. Miaka 44 baada ya Ennis! Mie ningekuwa na uwezo ningeweka nguzo moja kwa ajili ya yule aliyebuni kile kibanda chenye pazia.

Na sasa O'Gorman Mahon anarudi. Alichaguliwa Clare 1830, akavuliwa ubunge kwa rushwa, akazunguka dunia na bastola zake, akarudi bungeni 1847, akatoka, na 1879 akiwa mzee wa karibu miaka 80 akachaguliwa Clare tena. Mwaka 1880 akapita pamoja na mwenzake wa kiti cha pili, Captain William O'Shea. Wanaojua historia ya Ireland washatikisa kichwa. Mke wa Captain huyu, Katharine, ndo mapenzi ya Charles Stewart Parnell, kiongozi mkubwa kuliko wote wa Waairishi bungeni wakati huo. Septemba 1880 Parnell alikuja hapa Ennis akawaambia wakulima kwamba mtu akichukua shamba la jirani aliyefukuzwa msimpige, mnyamazieni tu, njiani, dukani, kanisani, mtengeni kama mwenye ukoma. Wiki chache baadaye wakamfanyia hivyo wakala mmoja wa Mayo, Captain Boycott, na dunia ikapata neno la kugoma bila kurusha jiwe. Miaka 10 baadaye, Novemba 1890, kesi ya talaka ya O'Shea ikamvunja Parnell vipande, na 1891 akafa. Kwa hiyo jimbo lililompandisha O'Connell ndo lilitoa mbunge aliyemwangusha Parnell, na barabara ya Parnell hapa haiko mbali na nguzo. Wanakutana kila siku wale.

Mwaka 1885 Clare ikagawanywa, Mashariki na Magharibi, mbunge mmoja kila upande. Ya Magharibi naipita. Ya Mashariki ilishikwa toka 1892 na Willie Redmond, ndugu yake kiongozi wa chama cha Waairishi bungeni, mtu aliyependwa hata na wapinzani. Vita vya kwanza vilipokuja alijiunga jeshini akiwa na zaidi ya miaka 50, akauawa Messines, Ubelgiji, tarehe 7 Juni 1917. Kiti kikawa wazi, na siku chache baadaye Waingereza wakawaachia wafungwa wa uasi wa Waairishi wa Pasaka 1916. Mmoja alikuwa mwalimu wa hisabati mrefu mwenye miwani, Éamon de Valera, aliyeponea chupuchupu kupigwa risasi. Akaja kugombea Clare Mashariki kavaa sare. Tarehe 10 Julai akapata kura 5,010, na mpinzani wake Patrick Lynch, wakili, 2,035. Uwiano ule wa 1828 karibu ujirudie, ila safari hii hakuna aliyetaja kwa mdomo. Clare haikumuacha tena mpaka alipokuwa rais wa Ireland 1959. Mzee wangu alimuona akiwa mtoto, anasema alikumbuka pua tu.

Juni 2024 kulikuwa na uchaguzi wa mabaraza ya kaunti. Wengi wetu wageni hatukujua, hata usipokuwa raia, mradi unaishi hapa na umejiandikisha, hiyo kura ni yako. Landlodi wangu, mtu mwema tu, alikuwa na bango la mgombea kwenye ukuta, na wiki hiyo akaja kuangalia boila, akachokora akanitania, utampa wetu namba moja eh? Nikacheka. Nilikuwa nimechelewesha kodi siku 4.

Nikaenda kwenye skuli moja ya msingi, viti vya watoto vimesukumwa ukutani. Wenyeji walipewa karatasi mbili, ile ya bunge la Ulaya refu kama mkeka, mie nikapewa moja. Nikaingia kwenye kibanda cha mbao, mna penseli imefungwa kamba, fupi, imechongwa kwa kisu. Hapa huweki alama ya vema, unaandika 1, 2, 3 kwa kadiri unavyowapenda. Mkono ulitetemeka kwenye ile 1 ikatoka kama 7, nikairudia juu yake. Nikakunja, nikatumbukiza, nikatoka nje kwenye mvua nyembamba.

Usiku nikamsimulia mzee tukiwa na chai. Nikamwambia kuhusu penseli, kamba, viti vidogo, landlodi na boila. Akasikiliza yote. Kisha akauliza, umempa nani namba moja? Nikafungua mdomo nimwambie, akanyoosha mkono haraka, karibu amwage kikombe.

"Hapana, hapana. Usimtaje."

Nikamuongezea biskuti.